Bafu na saloni ya Goma: uchague nini, uache nini

Bidoni moja ya maji ina lita 20, na lita 20 ni kilo 20. Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Mabega yake yanaijua, au ya kijana wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, anayemletea. Lakini ukitazama nyumba zinazopambwa siku hizi, kuanzia mitaa ya Himbi na Keshero mpaka Katindo na Ndosho, utaona watu wanachagua bafu kwa picha ya kwenye simu, picha iliyopigwa mahali ambapo maji hayabebwi na mtu. Bafu likikamilika linang'aa kweli, na chini ya dushi ya kupendeza zimepangwa bidoni tano na kikombe cha plastiki.

Kipimo changu ni hiki: kitu cha bafuni nakipima kwa bidoni, kitu cha saloni (sebule) nakipima kwa vumbi, tetemeko na wageni. Pesa zikiwa hazitoshi kwa vyumba vyote viwili, natanguliza bafu. Najua wengi hufanya kinyume, kwa sababu saloni ndiyo inayoonwa na wakwe. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mkwe huyo huyo akishakunywa soda mbili atauliza choo kiko wapi.

Nyumba ya mbao na nyumba ya kudumu

Hizi mbili haziwezi kupewa ushauri mmoja. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 hadi kuingia ziwani, watu wengi walirudi kujenga juu ya mwamba ule ule mpya, na walijenga kwa mbao. Haikuwa umaskini tu. Mbao ni nyepesi, haidai msingi uliochimbwa kwenye jiwe, tetemeko likipita inayumba na kurudi mahali pake, na siku ukilazimika kuhama unaibomoa na kuipakia kwenye gari. Maadui zake ni wawili: maji na moto. Katika mitaa iliyobanana kama Birere, moto wa nyumba moja haukawii kuwa moto wa avenyu nzima.

Nyumba ya matofali ya sima au ya mawe meusi inavumilia maji, inabeba karo (vigae), inabeba na tangi. Ila tetemeko huiachia nyufa. Baada ya mlima kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, na kuta nyingi mjini zilibaki na alama. Mwenye nyumba ya namna hii asifunike ufa kwa karo wala kwa rangi kabla hajajua kama bado unapanuka. Bandika kipande cha plasta juu ya ufa, kikauke, na ukiache miezi michache. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na karo utakayoweka hapo itakatika vilevile.

Kwa nyumba ya mbao, jibu langu kuhusu bafu ni fupi: usilitie ndani ya mbao. Lijenge limeegemea nyumba, juu ya jukwaa lake la sima lililomwagwa kwenye mwamba, kuta zake za matofali ya sima angalau mpaka kifuani, na mlango wa kutokea ndani ili mtoto asivuke uwanja usiku wa mvua. Karo juu ya sakafu ya mbao ni pesa iliyotupwa. Mbao hupanuka na kusinyaa, karo haijui kufanya hivyo.

Na kama wewe ni mpangaji, sehemu kubwa ya makala hii isome kwa jicho la pili. Nunua kile utakachobeba siku ya kuhama: viti, rido (mapazia), taa, kioo, kichwa cha dushi. Ukitaka kumwekea mwenye nyumba karo, mwandikiane kwanza kwamba itahesabiwa katika kodi. Maneno ya uani, huku watu wawili wamesimama, siku ya kudai garanti yako (pesa ya dhamana) husahaulika haraka.

Sakafu ya bafu: karo au sima laini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sima laini ni ile ambayo fundi masoni huipiga mwiko na kuinyunyizia sima kavu hadi ikaze na kulainika. Wengine huichanganya na unga wa rangi, mwekundu au mweusi. Ni rahisi, haina viungo vya kushika uchafu, na ikipata ufa inazibwa kwa saa moja. Ubaya wake ni kwamba ikilainishwa mno inateleza ikiguswa na sabuni. Dawa ipo na haina gharama: mwambie fundi asiipige mwiko wa mwisho mahali pa kuogea, bali apitishe ufagio mlaini ingali mbichi, ibaki na mistari midogo.

Karo ina sura nzuri, inaoshwa kirahisi, na kama imelazwa vizuri inakaa miaka mingi. Lakini karo si moja. Zile za ukutani hunyonya maji kuliko asilimia 10 ya uzito wake, na zikiwekwa sakafuni huvunjika kwa kisigino cha kiatu. Zile ngumu za porseleni hunyonya asilimia 0.5 au chini. Soma boksi, usimsikilize muuzaji peke yake. Tafuta pia herufi R na namba, kipimo cha kutoteleza: R9 ni ya sebuleni, kwa bafu omba R10 au R11. Kama boksi halisemi chochote, mwagia karo maji dukani, uikanyage na kandambili. Muuzaji akikukatalia, hilo nalo ni jibu.

Ukubwa nao una neno. Karo za 60 kwa 60 zimekuwa fasheni, na saloni zinaipendeza kweli. Bafuni ni taabu. Sakafu ya dushi inatakiwa ishuke sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na karo kubwa haiwezi kuinama pande nne. Fundi atalazimika kuikata vipande, au ataiacha tambarare na maji yatalala hapo mpaka kesho. Karo za 30 kwa 30, au zile ndogondogo zinazouzwa zimegandishwa kwenye wavu, hufuata mteremko bila ugomvi.

Ningepewa bajeti ndogo, ningegeuza desturi: sakafu ya sima, karo ukutani. Watu huanza na sakafu kwa sababu ndiyo inayoonekana mlango ukifunguliwa. Lakini ukuta wa matofali ya sima ndio unaokunywa maji ya dushi, rangi ikavimba, na unyevu ukatokea upande wa pili, mara nyingi nyuma ya kitanda cha watoto. Karo za ukutani ni nyepesi na bei yake iko chini kuliko porseleni. Zipandishe mpaka mita 2 pale maji yanaporukia, kwingine rangi ya mafuta inatosha. Nyuma yake lazima kuwe na plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kwa sababu maji hupita kwenye viungo vya karo hata kama karo yenyewe haipitishi.

Kuhusu rangi, maji yetu yamekwisha kuamua. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka, na yakikauka huacha ukungu mweupe. Karo nyeusi inayong'aa na kioo cha kutenganishia dushi vitakufanya mtumwa wa kitambaa. Kijivu, kahawia nyepesi na rangi ya mchanga vinasitiri. Ukiondoa madoa kwa siki au limau, suuza mara moja, kwa sababu asidi ile ile inakula sima ya viungo.

Ndoo, dushi au hodhi

Hodhi la kujilaza, lile kama la hoteli, linabeba lita 150 hivi likijazwa kwa kuoga. Hizo ni bidoni saba na nusu kwa mtu mmoja. Kwenye nyumba kadhaa limeishia kuwa ghala la maji, na kwa kazi hiyo pipa la plastiki lenye kifuniko ni bora, kwa sababu halikusanyi vumbi wala mbu. Hodhi silishauri kwa mtu yeyote ambaye hana maji ya bomba mchana na usiku. Nimemaliza.

Ushindani wa kweli ni kati ya ndoo na dushi. Dushi ya kawaida hutoa lita 8 hadi 12 kwa dakika: dakika tano, na bidoni mbili mpaka tatu zimekwenda. Kwa ndoo, mtu mzima anaoga vizuri na lita 15. Familia ya watu saba inayochota kwenye bomba la jumuiya haina sababu ya kuona haya kwa ndoo, ila iiheshimu. Jenga jukwaa la sima lenye kimo cha goti la kuweka ndoo, ili anayeoga asiiname, na bibi mwenye mgongo asiiname kabisa. Weka rafu ya sabuni na misumari ya taulo mbali na maji. Bafu la ndoo lililofikiriwa namna hii lina raha kuliko dushi inayodondosha.

Ukiwa na tangi juu, dushi inakuwa na maana. Kumbuka mambo mawili. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja, kwa hiyo haliketi juu ya mbao za paa, linataka mnara wake. Pili, kila mita ya kimo hutoa shinikizo la karibu ba 0.1 tu. Tangi likiwa mita 2 juu ya kichwa cha dushi unapata ba 0.2, na vile vichwa vipana vya "mvua" vinavyouzwa kwenye maboksi mazuri vimetengenezwa kwa ba 1 na zaidi. Vitakudondoshea kama kope linalolia. Chukua kichwa kidogo chenye matundu machache, na bomba nene la kuteremkia.

Wengi hukinga maji ya paa kujaza tangi hilo. Kwa kusafishia sakafu na kumwagia choo, sawa. Kwa kunywa, hapana. Moshi wa Nyiragongo hutia asidi na floridi kwenye mvua, na mara nyingi upepo huupeleka magharibi, upande wa Sake. Ndiyo maana mabati ya huko huwahi kutu. Kwa hiyo mfereji wa plastiki wa kukingia mvua utadumu kuliko wa bati.

Choo cha kuchuchumaa au cha kuketi

Cha kuchuchumaa husukumwa na lita 2 au 3 za ndoo, hakina tangi la kuharibika, hakina kiti cha kuvunjika, na hakuna ngozi inayogusa kitu. Cha kuketi chenye tangi hutumia lita 6 kwa mpya, 9 na zaidi kwa zile za zamani ambazo bado zinauzwa mitumba. Zenye vibonye viwili hutoa 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa, na kama unataka cha kuketi, usinunue chenye kibonye kimoja.

Kama nyumbani kuna mzee, mjamzito au mtu mwenye goti bovu, mjadala umeisha: cha kuketi, na chuma imara ukutani cha kushikilia. Kwa nyumba nyingine naona cha kuchuchumaa kimedharauliwa bure. Kikiwa cha porseleni nyeupe, sakafu yake ina mteremko na sifoni yake (bomba lililopinda) inashika sentimeta 5 za maji, hakinuki kuliko kile cha kuketi. Harufu hutoka kwenye sifoni iliyokauka, au fundi aliyeiruka.

Lakini gharama kubwa ya choo Goma haionekani, iko chini. Kuchimba fosi (shimo la choo) kwenye lava ni kazi ya patasi na nyundo, siku baada ya siku, na kila sentimeta inalipiwa. Na mwamba huo una matundu na nyufa, maji machafu hupenya upesi na kwenda usikojua. Mji wetu umezoea kipindupindu, kwa hiyo fosi isiyo na kuta za sima si njia ya kubania pesa. Kadiri choo kinavyotumia maji mengi ndivyo fosi inavyotakiwa iwe kubwa. Ukichagua lita 3 badala ya 9, umepunguza pia kazi ya patasi. Na ulizia mapema kama gari la kunyonya fosi linaweza kuingia avenyu yako.

Jambo moja zaidi kwa walioko magharibi mwa mji, Keshero, Mugunga, Bulengo hadi njia ya Sake. Mazuku. Ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia, na inaua bila harufu. Watu hupenda kuteremsha bafu ngazi mbili tatu chini ya usawa wa uwanja ili maji yatiririke kirahisi. Kwenye maeneo hayo usifanye hivyo. Sakafu ya bafu iwe juu ya uwanja, na mlango uwe na uwazi chini, si dirisha dogo la juu peke yake, kwa sababu hewa ile haipandi kulifuata.

Maji moto

Usiku wa Goma una baridi, na hakuna anayeoga maji ya alfajiri kwa hiari. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka digrii 20 hadi 40 kunataka karibu nusu ya kilowati-saa. Tangi la umeme la lita 50 likipashwa hadi 45 linakula kama 1.5, na likibaki limewashwa mchana kutwa linaendelea kula. Wenye umeme wa kuaminika na kashipawa (mita ya umeme wa kulipia kabla) iliyojaa wachukue tangi dogo, waliwashe saa moja kabla ya kuoga na kulizima. Zile dushi za umeme zinazopasha papo hapo huvuta kilowati 3.5 hadi 5.5 na zinataka waya wake mnene na waya mzuri wa kushusha umeme ardhini, kitu ambacho nyumba nyingi hazina. Na ile chuma ya kutumbukiza ndani ya ndoo, tafadhali, mtoto asiifikie kamwe.

Sufuria juu ya makala (mkaa) bado inashinda kwa nyumba nyingi. Ila mbabula, jiko la makala, ibaki nje. Kuiingiza bafuni au saloni ili chumba kipate joto, milango imefungwa, ni kuita kifo kingine kisicho na harufu.

Seti ya saloni: kona au viti vya peke yake

Sasa tuje mahali ambapo watu huchekeana. Fasheni ya sasa ni kochi la kona, lenye umbo la herufi L, limejaza pande mbili za chumba. Linapendeza likiwa tupu. Hebu likaliwe: pale kwenye pembe hakuna anayetaka kuketi kwa sababu miguu haina pa kwenda, na kikao cha posa kikifika unamkuta baba mkwe bega kwa bega na mkamwana wake, wote wawili wametazama chini. Heshima kati ya wakwe inadai mkono wa kiti katikati. Kwa familia inayopokea vikao, fotey za peke yake na makochi ya watu wawili wawili ni bora mara tatu.

Sababu ya pili ni msiba. Siku ya kilio saloni inapaswa kuwa tupu ndani ya saa moja: viti nje, mikeka na magodoro chini, wamama wakae. Kona haitoki mlangoni bila kuvunjwa, na ikivunjwa harudi fundi yule yule. Sababu ya tatu tunaijua wenyewe. Tarehe 27 Mei 2021, mitaa 10 kati ya 18 ya mji iliamriwa kuondoka siku hiyo hiyo. Aliyekuwa na vitu vyepesi alibeba viwili vitatu.

Kona inafaa wapi? Kwa vijana wawili wenye chumba kirefu chembamba, televisheni upande mmoja, wageni wa rika lao. Hapo inatumia nafasi vizuri kuliko viti.

Iliyotoka nje ya nchi au ya seremala wa mtaani? Nachagua seremala, kwa sharti la kuona mifupa kabla haijavikwa kitambaa. Mbao ya libuyu au mvule iliyokauka inakaa miaka mingi, mkaratusi mbichi utajikunja kabla hujamaliza kulipa. Uliza viungo vimepigwa ulimi na gundi, au ni misumari mitupu. Seti nyingi za nje zinazopitia mpakani ni mbao za unga zilizogandishwa. Zikilowa mguu mmoja tu wakati wa kupiga deki, zinafura kama mkate.

Sponji ndiyo roho ya kiti. Ya kuketia inatakiwa iwe na uzito wa kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo au zaidi. Zile za chini ya 20 ni za mgongoni na mito. Huna mizani ya kupima, lakini una ngumi: bonyeza mpaka chini, achia, na kama imechelewa kurudi au umegusa ubao, mwambie aibadilishe.

Kitambaa: ngozi bandia huoshwa kwa kitambaa chepesi, ndiyo sifa yake yote. Baada ya miaka michache inamenyuka, kwanza pale panapoegemewa kichwa. Veluri ni laini, ina joto usiku, lakini miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jeusi la barabarani linaingia humo na halitoki. Mimi ningechukua kitambaa kizito cha pamba chenye zipu, kinachovuliwa na kufuliwa, na seti mbili za kubadilishana. Vile vitambaa vya kufuma vyeupe ambavyo mama zetu huweka kwenye migongo ya fotey, vijana wanavicheka, lakini vina akili: huoshwa vyenyewe, na kochi linabaki salama.

Ukuta wa mawe meusi au ukuta wa rangi

Mawe ya volkano ni yetu, yako chini ya miguu, na fundi mzuri akiyapanga yanaonekana kama hakuna mji mwingine. Ndiyo maana hoteli za kando ya ziwa zinayapenda. Lakini hoteli ina madirisha makubwa yanayotazama maji. Saloni ya kawaida yenye dirisha moja ikivishwa mawe meusi pande zote inakuwa pango, na taa inawashwa saa nane mchana. Weka ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha, na kuta nyingine tatu ziwe na rangi nyepesi. Bafuni usiyaweke kabisa mahali pa kuogea: matundu yake yanakula sabuni na kuiozesha.

Kwa rangi, nyeupe tupu haiishi mji huu. Desturi ya zamani ya kupaka mkanda wa mita moja chini kwa rangi ya mafuta iliyokolea, na juu rangi ya maji nyepesi, haijapitwa. Mkanda wa chini unaoshwa mikono ya watoto inapougusa, juu ukuta unapumua. Rangi ya mafuta ukuta mzima huzuia unyevu kutoka, nao hutafuta njia kwa kuvimbisha malengelenge.

Plafo (dari) na sakafu, kwa haraka

Chini ya mabati matupu, mvua ikinyesha hamsikilizani, na alfajiri matone ya jasho la bati hudondoka juu ya televisheni. Kwa hiyo plafo ni ya lazima saloni kabla ya kochi jipya. Tripleksi (plaiwudi) ina sura ya joto na hupokea rangi, lakini ikivujiwa mara moja inabaki na ramani ya kahawia na kuanza kulegea. Zile mbao za PVC hazijali maji, kwa hiyo bafuni sina swali, ni PVC. Saloni, hasa kwenye nyumba ya mbao yenye hatari ya moto, sizipendi: zikishika moto hutoa moshi mbaya. Huko weka tripleksi, baada ya kuziba matundu ya bati, si kabla.

Sakafu ya saloni: nyumba ya kudumu inayojiweza, karo kubwa sawa, ila ya juu isiyong'aa. Mchanga wetu mweusi una makali, unaingia na viatu na kuikwaruza ile inayometa. Acha uwazi wa milimita 5 hadi 10 ukutani kote, ufunikwe na mkanda wa pembeni, ili sakafu ikitikiswa ipate pa kwenda. Nyumba ya mbao, balatumu (zulia la plastiki) inayouzwa kwa mita inatosha sana. Inazuia upepo kutoka kwenye mianya ya mbao, na siku ya kuhama unaikunja.

Kabla ya kumlipa fundi salio

Mwaga nusu bidoni ya maji kwenye sakafu ya bafu, pembe iliyo mbali na tundu. Subiri dakika tano. Dimbwi lolote linalobaki ni kazi ambayo haijaisha. Chukua sarafu au funguo, gonga karo moja moja: zinazolia tupu hazina sima chini yake, na hizo zitapasuka kwanza. Tembea na miguu iliyolowa. Saloni, waite watu wa nyumba wote wakae kwenye seti kwa wakati mmoja, mzee kabisa ndiye asimame wa kwanza, na uangalie kama anahitaji mkono wa mtu kuinuka. Kama anauhitaji, kiti ni kifupi mno, seremala aongeze miguu angali hajamaliza kuhesabu pesa.